Boti nyembamba za Northamptonshire zilifanyaje kazi hasa? (Stoke Bruerne, Blisworth, Braunston)

Mama Shani MK

Wakuu, habari za jioni.

Kuna basi la Waswahili kama 40 litatoka Milton Keynes kwenda Stoke Bruerne, kijiji cha mfereji huko Northamptonshire, Uingereza, wengi wao wazee, na kazi ya kueleza kwa Kiswahili imeniangukia mimi. Watu wenyewe ni wa Mombasa, Tanga na Unguja, chombo wanakijua. Nikiwaambia "hizi ni boti za zamani, zina maua mazuri," watanicheka mchana kweupe. Nataka maelezo ya kazi.

Wataniuliza haya: Boti ina futi 70 kwa urefu na futi 7 tu kwa upana, nani anaunda chombo kama mwiko? Mbona loki za pale (vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha boti) ni pana mara mbili ya boti? Loki inaendeshwaje hatua kwa hatua, na kinachozamisha boti humo ndani ni nini? Handaki la Blisworth halina njia ya farasi wa kuvuta boti, sasa kabla ya injini walipitaje? Na bila shaka mzee mmoja atauliza ni mbao gani na walikalafati (waliziba maungio) kwa kitu gani.

Mwenye Kiswahili kizuri cha "loki" pia alete.

---

Mpiga Upondo

Dada Shani, salaam. Anza na upana. Ukishauelewa, mengine yanajipanga yenyewe.

Futi 7 hazikuzaliwa Northamptonshire. Zilitoka kaskazini zaidi, kwa James Brindley, mhandisi wa mfereji wa Trent and Mersey. Mfereji ule ulilazimika kutoboa kilima cha Harecastle, zaidi ya yadi 2,800 chini ya ardhi, kwa sururu na baruti. Handaki likiwa jembamba, udongo wa kutoa unapungua na matofali yanapungua. Loki ikiwa nyembamba, maji yanayoliwa ni nusu. Brindley akachagua wembamba. Yeye alikufa 1772, mfereji ukamalizika 1777, na kipimo kikawa kimeshika Midlands yote, yaani katikati ya Uingereza: boti ya futi 7 kwa futi 70 na kitu. Ukiunda pana kuliko hapo, hutoki kwenu.

Mfereji unaopita Stoke Bruerne ni Grand Junction. Sheria yake ilipitishwa 1793, mhandisi William Jessop, unatoka Braunston hadi Brentford kwenye mto Thames. Hawa walitaka njia kuu ya kwenda London, wakajenga loki za futi 14 na ushee. Lakini majirani walibaki na loki nyembamba, kwa hiyo chombo kipana kingefika Braunston kikagota. Watu wakaendelea na boti zao za futi 7 na kuziingiza mbili mbili, ubavu kwa ubavu. Injini zilipokuja, mpango huo ukawa jozi: boti ya mbele ina injini, ya nyuma haina. Ya nyuma Waingereza huiita butty. Mimi huiita tela, kama tela la lori, na wazee wako wataelewa papo hapo. Jozi hubeba tani 50 hivi, na tela hubeba zaidi kidogo kwa kuwa halina chumba cha injini.

Kamba nayo ina elimu yake. Tela likiwa na mzigo, kwenye kipande kirefu cha maji huvutwa kwa kamba ya futi 70 au zaidi, maana likikaa karibu, maji yanayosukumwa na rafadha (panga la injini) hupiga omo yake (mbele yake) na kulirudisha nyuma. Likiwa tupu linaelea juu juu, maji ya rafadha yanapita chini yake, basi hufungwa karibu kabisa na tezi (nyuma) ya boti ya mbele kwa kamba mbili fupi zilizopishana. Anayevuta tela tupu kwa kamba ndefu atalipeleka vichakani, kwa sababu upepo hulichukua kama karatasi.

Sasa loki. "Kufuli la maji" nimelisikia, lakini kufuli kwa mtu wa kwetu ni la mlangoni. Sema loki, kisha eleza: chumba cha matofali chenye milango ya mwaloni juu na chini. Kuna vilango vidogo vya kupitishia maji, vingine vikiwa kwenye milango yenyewe, vingine vikipitisha maji kwenye mifereji iliyojengwa ardhini pembeni. Vilango huinuliwa kwa hendeli ya chuma inayochomekwa kwenye mhimili wenye meno, na kidole cha chuma huingia kwenye meno kuzuia kilango kisianguke.

Kupanda: boti zinaingia, milango ya chini inafungwa, vilango vyake vinashushwa. Unainua vilango vya ardhini vya juu nusu, unangoja boti zitulie, ndipo unainua vyote. Vilango vya mlangoni vinangoja hadi maji yafunike matundu yake. Ukivifungua mapema, maji yanaruka kama bomba la zimamoto na kuangukia ndani ya omo. Boti iliyojaa makaa ya mawe ina ubavu wa inchi chache tu juu ya maji, dakika moja inatosha kuizamisha.

Kushuka: hapa ndipo vyombo vinapokufa. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe au zege kinachotokeza ndani ya chumba, zaidi ya mita moja. Chumba kikijaa hukioni. Kuna mstari umechorwa ukingoni kuonyesha mwisho wake, na tezi pamoja na usukani lazima vikae mbele ya mstari huo. Maji yakishuka huku usukani umekalia kizingiti, tezi inabaki juu, omo inazama, na maji yanaingia kwa mbele. Dawa ni moja: shusha vilango vya chini mara moja, hakikisha vimefunga, kisha ingiza maji kutoka juu polepole hadi boti ielee tena. Wengi hukimbilia kufungua vya juu kwanza huku vya chini viko wazi. Hapo hujasaidia kitu.

Kosa la pili ni kufunga kamba fundo wakati wa kushuka. Boti inaning'inia kwenye kamba na kulala ubavu. Kamba huzungushwa kwenye nguzo mara moja, mkono ukiiachia kidogo kidogo. La tatu ni maboya ya ubavuni. Jozi ikiingia pamoja nafasi inayobaki ni inchi chache, na boya moja lililosahauliwa linakwamisha zote mbili.

---

Fundi wa Mataruma

Swali la mbao naomba nilichukue mimi.

Boti hii haina mkuku (mti mkuu wa chini) wa nje. Chini ni bapa kama sinia, na mbao za chini zimelazwa kikingamo, kutoka ubavu hadi ubavu, si kwa urefu. Mbao hizo ni za mti uitwao elmu, unene kama inchi 3. Ubavu ni mwaloni, inchi 2 hivi, uliopikwa kwa mvuke ndipo ukapindwa kufuata omo na tezi. Elmu ina tabia moja: ikikaa majini siku zote haiozi, na ikikwaruzwa na mawe haipasuki kwa urahisi kwa sababu nyuzi zake zimesokotana. Kinachoiua ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ndiyo maana boti ya mbao isiyo na kazi wakati mwingine huzamishwa makusudi ikae chini ya maji hadi fundi apatikane. Mgeni akiona anadhani imetelekezwa. Ugonjwa wa miti ya elmu uliofyeka Uingereza miaka ya 1970 ulifanya mbao kubwa za aina hiyo ziwe adimu, hivyo matengenezo mengi ya leo hutumia miti mingine.

Kalafati: kwetu ni pamba na mafuta. Kule ni nyuzi za kamba kuukuu za katani zilizolowekwa lami, zikapigwa kwenye maungio kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha juu yake lami ngumu iliyoyeyushwa. Halafu kuna kitu wanaita chaliko, na hapo wazee wako wa Mombasa na Tanga watatabasamu: lami, manyoya ya ng'ombe na mavi ya farasi, vinachemshwa pamoja na kupakwa vikiwa vya moto juu ya mbao. Sisi tuna shahamu na chokaa chini ya jahazi. Mavi yana nyuzi fupi za majani, manyoya yana ndefu, vyote viwili vinashikilia lami isipasuke ikipoa. Ni akili ile ile ya kutia majani makavu kwenye udongo wa kukandikia nyumba.

Mambo yanayoharibika, kwa mpangilio wa fujo zake:

Ubavu kufunguka. Boti ndefu isiyo na sitaha inabanwa na nini? Mzigo unasukuma nje, na miaka inapita. Minyororo hukingama kwenye ngama (tumbo la mzigo) kutoka ubavu hadi ubavu, ikiwa na skrubu ya kukazia katikati, na hukazwa kabla ya kupakia. Ukishapakia umechelewa. Boti iliyofunguka inchi 2 haiingii tena loki nyembamba, na kwenye loki pana haikai ubavu kwa ubavu na mwenzake.

Mvua. Watu huogopa maji ya mfereji, kumbe adui ni maji ya mvua yanayotuama kwenye mbao za juu na ndani ya kona za omo. Ubao wa chini unaweza kumaliza miaka mingi ukiwa mzima huku wa juu umekuwa unga.

Kukauka. Boti ikikaa nchi kavu mbao zinasinyaa. Ukiishusha majini itavuja kama kikapu kwa siku kadhaa hadi mbao zivimbe na kujifunga. Pampu isitoke karibu.

Nyingi mtakazoziona leo ni za chuma. Tarehe 1 Januari 1929 Grand Junction iliungana na Regent's Canal na mifereji ya Warwick, ikawa Grand Union. Miaka ya 1930 kampuni yake ya uchukuzi ikaagiza jozi kwa wingi: Harland & Wolff huko Woolwich, Yarwood huko Northwich, na za mbao kwa Walker huko Rickmansworth. Kundi moja lilipewa majina ya nyota, jingine majina ya miji. Ukisoma jina ubavuni tayari umejua nusu ya historia yake.

---

Kilango Chekundu

Mpiga Upondo kasema vyema, ila asiwafanye watu waamini kwamba Northamptonshire nzima ni futi 14.

Tawi la kushuka Northampton mjini, kutoka Gayton hadi mto Nene, lilifunguliwa 1815 na loki zake 17 ni nyembamba. Jozi ikifika hapo hukatwa: ya injini inapita kwanza, tela linavutwa kwa mikono ya watu ukingoni, kamba begani, loki baada ya loki. Kila loki inajazwa na kumwagwa mara mbili kwa jozi moja.

Na kuna Watford (ya Northamptonshire, si ile ya karibu na London). Loki 7 nyembamba, 4 kati yake ni za ngazi, yaani mlango wa chini wa moja ndio mlango wa juu wa inayofuata. Kwenye ngazi huwezi kumwaga maji ya chumba cha juu ndani ya cha chini hivi hivi. Kuna madimbwi pembeni. Kilango chekundu hutoa maji ya dimbwi kwenda chumba cha chini. Kilango cheupe humwaga chumba cha juu kwenye dimbwi. Chekundu kwanza, kisha cheupe, na Waingereza wana kishairi chao cha kukumbuka hilo. Sababu ni hii: dimbwi tayari limejaa. Ukianza na cheupe unamimina maji kwenye ndoo iliyojaa, yanafurika na kupotelea shambani, na wewe unabaki na chumba cha chini kitupu usichokuwa na maji ya kukijaza.

Wembamba wa Watford uliua ndoto moja kubwa. Mwaka 1900 huko Foxton, Leicestershire, ilijengwa lifti ya mteremko ya kupandisha vyombo vipana ndani ya matangi, ili kuepuka loki 10 za ngazi. Lakini Watford haikupanuliwa, basi chombo kipana kilipanda Foxton kikaenda wapi? Lifti iliacha kazi 1911.

---

Mama Shani MK

Ahsanteni sana, yaani tayari nina kurasa 3. "Tela" na "kilango" nimeyachukua.

Bado handaki. Na pia: pale karibu na loki ya juu kuna loki ya pili iliyokauka, ndani yake kuna mtambo wa chuma kama mizani. Ni wa nini? Walipimaje mzigo?

---

Inchi Kavu

Loki zilizo mbili mbili pale ni za miaka ya 1830. Msongamano ulikuwa mkubwa, wakajenga za pili pembeni ili boti moja isisubiri mwenziwe wala kumwaga maji ya loki nzima kwa boti moja. Baadaye hizo za pili ziliachwa. Mtambo ulioona ni mizani ya kupimia boti nzima, ila ni mgeni pale: ulitoka Wales, mfereji wa Glamorganshire. Kwenye Grand Junction hawakupima hivyo, na hili ulieleze, maana watu wengi huondoka pale wakiamini kila boti ilipandishwa mizani.

Walipima kwa fimbo. Boti mpya ikiwa tupu ilipimwa umbali kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa ubavu, mahali 4, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Umbali huo waliuita inchi kavu. Kisha vyuma vya uzito unaojulikana vikatiwa tani kwa tani, na kila mara kipimo kikarudiwa. Yote yakaandikwa kwenye jedwali lenye namba ya boti hiyo. Siku ya safari mtoza ushuru alishika fimbo, akapima pande 4, akatoa wastani, akafungua jedwali, akajua tani. Ushuru ulitozwa kwa tani kwa maili. Wastani wa pande 4 ni kwa sababu mzigo haukai sawa, boti ikiinama kulia fimbo ya kushoto itakudanganya. Na mwenye boti mjanja alipampu ngama kwanza: maji machafu ya chini nayo yanashusha boti, na ushuru wake utaulipa kana kwamba ni makaa ya mawe.

Kuhusu maji, ukitaka namba ya kuwashtua: chumba cha mita 22 kwa 4.4, kina cha kupanda mita 2.4 hivi, ni zaidi ya lita 230,000 kwa kila mpito. Yote yanatoka juu kwenye mabwawa.

---

Bomba la Mvuke

Handaki la Blisworth nalijibu mimi.

Urefu yadi 3,076, yaani mita 2,813. Upana futi 15 hivi, boti mbili nyembamba zinapishana. Jaribio la kwanza la kulichimba lilishindwa kwa sababu ya maji na udongo uliokuwa ukiteleza, wakahamia mstari mwingine. Mfereji uliobaki ulikuwa tayari 1800, handaki bado. Kwa miaka 5 mzigo ulipakuliwa upande mmoja, ukavushwa juu ya kilima kwa magari ya farasi yaliyokwenda kwenye reli za chuma alizojenga Benjamin Outram, ukapakiwa tena upande wa pili. Fikiria makaa ya mawe yanabebwa kwa koleo mara 2 zaidi. Handaki lilifunguliwa Machi 1805, na reli zile zikang'olewa kwenda kutumika njia ya Northampton hadi lile tawi la loki 17 lilipokamilika.

Kupita: farasi alifunguliwa na kupelekwa juu ya kilima kwa njia inayoitwa hadi leo Boat Horse Road. Kwenye omo uliwekwa ubao kikingamo, ncha zikitokeza pande mbili. Watu wawili walilala chali juu yake, vichwa katikati, nyayo ukutani, wakatembea ukutani. Kwa sababu handaki ni pana kuliko boti mara mbili, ubao ulitokeza sana, na nyayo ikiteleza kwenye tofali lenye utelezi mtu alikwenda majini gizani, huku boti ya tani 25 ikija juu yake. Wakanyagaji waliosajiliwa walivaa bamba la shaba mkononi ili mwenye boti asiangukie mikononi mwa wahuni waliosubiri mdomoni mwa handaki.

Boti za mvuke zilileta shida yao. Mwaka 1861 moshi wa boti iitwayo Bee uliwalevya waliokuwa ndani, wawili wakafa. Kuanzia 1871 boti za mvuke za kukokota zikachukua kazi ya wakanyagaji, hapo na kwenye handaki la Braunston, zikikokota msururu wa boti kwa zamu, hadi 1936. Kufikia hapo karibu kila jozi ilikuwa na injini yake.

Miaka ya 1970 sehemu ya kati iliharibika, handaki likafungwa, likafunguliwa tena 1984 baada ya kuwekwa pete za zege. Pete moja ya akiba imesimamishwa nje ya mdomo wa kusini, upande wa Stoke Bruerne. Wapeleke wazee wasimame ndani yake, wataona ukubwa halisi bila kupanda boti. Ni mwendo wa dakika chache kutoka kijijini, njia tambarare.

Wakipanda boti: kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa saa ni kama dakika 37. Taa ya mbele ielekezwe juu kidogo na kulia, isimpofushe anayekuja. Pishaneni kwa kukaa kulia. Na chini ya mashimo ya hewa maji yanadondoka, si manyunyu, yanamwagika, kwa hiyo wenye vilemba na mitandio wakae ndani.

---

Silinda Moja

Kwa kuwa injini imetajwa. Kampuni ya Fellows, Morton and Clayton, iliyokuwa na karakana Braunston, ilitumia sana injini ya Bolinder ya Uswidi, silinda moja, nguvu ya farasi 15. Ukiisikia "tonk… tonk… tonk" ikiruka pigo mara moja moja, ndiyo hiyo.

Haina plagi wala stata. Kichwani ina tufe la chuma linalochomwa kwa taa ya mafuta ya taa, yenye moto wa kupuliza kama primasi, dakika 10 hivi hadi liive wekundu hafifu. Kisha kuna pini yenye springi kwenye gurudumu zito. Unaikanyaga, unalisukasuka gurudumu hadi mgandamizo, mafuta yanaingia, inashika. Pini isiporudi ndani yenyewe, kifundo cha mguu kinakwenda nayo. Tufe likiwa baridi haishiki. Ukiiacha mwendo mdogo muda mrefu tufe linapoa, injini inazimika, na mara nyingi inachagua kuzimika mbele ya loki.

Gia haina. Ya kurudi nyuma? Unaipunguza hadi inakaribia kufa, unaipa mafuta kabla ya wakati wake, pigo linalirudisha gurudumu kinyume, na injini inaanza kuzunguka upande wa pili. Ikikataa, huna breki, na mbele yako kuna milango ya mwaloni. Ndiyo maana mtu aliyeijua Bolinder alianza kurudi nyuma mapema mno kwa macho ya mgeni. Injini za baadaye za jozi za Grand Union, National na Russell Newbery za silinda 2, zilikuja na gia na zikamaliza wasiwasi huo, ingawa mlio wake si mtamu hata kidogo kulinganisha.

---

Bi Kizingo

Shikamoo kwa wazee wote watakaopanda basi. Mmemaliza vyuma, acheni niseme ya nyumbani, kwa sababu kina mama watauliza walilala wapi.

Chumba cha tezi kina urefu wa futi 10 hivi. Ukiingia, jiko la makaa liko kushoto mlangoni. Linalofuata ni kabati ambalo mlango wake ukishushwa unakuwa meza. Kitanda kikubwa hukaa kikingamo mwisho wa chumba, mchana kinakunjwa. Upande wa kulia kuna benchi ambalo usiku ni kitanda cha pili. Sheria ya boti za mifereji ya 1877 ililazimisha kila boti kusajiliwa na kuandikwa idadi ya watu: futi za ujazo 60 za hewa kwa mtu aliyezidi miaka 12, na 40 kwa mtoto. Pigeni hesabu mkiwa ndani, mtaona watu 4 wanavyobanana. Na pale Stoke Bruerne muuguzi Sister Mary Ward alizitibu familia hizi kwa miaka mingi. Alipewa nishani 1951.

Maji ya kunywa yalikaa juu ya paa kwenye kopo kubwa la bati lenye maua, linaloitwa kwa jina la kijiji cha Long Buckby cha hapo hapo Northamptonshire. Maua yake si ya kuchora kwa penseli. Kwanza duara la rangi nzito, nyekundu iliyoiva au kahawia, liachwe likauke kabisa, ndipo petali ziwekwe juu kwa pigo moja moja la brashi iliyojaa rangi. Pigo likishawekwa usilirudie, ukilirudia ua linakuwa kama limefutwa na kitambaa. Petali juu ya duara bichi zinachanganyika na kuwa tope. Vishipa vya majani na punje za njano katikati ni mwisho, kisha vanishi. Mkono mzuri unaonekana kwenye mkia wa petali: unamalizikia kwenye ncha, hauishii bapa.

---

Mpiga Upondo

Nyongeza ndogo kabla basi halijaondoka. Safari za biashara za masafa marefu zilipungua sana baada ya barafu ya 1962/63 kufunga mifereji kwa majuma, na mzigo wa makaa ya mawe wa kiwanda cha jemu Southall ukasimama 1970. Wanaotaka kuona jozi zikienda kweli, si zikiwa zimefungwa gatini, waende Braunston mwezi Juni kwenye mkusanyiko wa boti za kazi.

Na pale lokini, Dada Shani, uwapange watu mapema. Ile boriti ndefu inayofungua mlango huzunguka robo duara, na ukingoni kuna matofali yaliyoinuliwa ya kukanyagia. Wote wakae nje ya duara hilo, hasa upande wa maji, kwa sababu anayesukuma boriti anasukuma kwa mgongo na hamwoni aliye nyuma yake. Mkiruhusiwa kushika hendeli, ichomoeni kila mara kilango kikishainuka. Kidole kikiteleza hendeli inazunguka peke yake, na hapo inapofikia ni usawa wa taya.